Maji ya Musoni

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nne Musoni alipoyafukua yale maji. La, ngoja, nimekimbia. Elfu mbili na nne ndio mwaka aliofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mkewe Mukandoli na binti yao Isimbi, wametoka milima ya Kivu ya Kusini kwa kupitia Burundi, na mtu aliyetoka safarini hafukui chemchemi. Anachimba choo kwanza, kisha mashimo ya nguzo za kibanda. Maji aliyapata mwaka uliofuata, elfu mbili na tano, kiangazi. Hapo sikosei, maana ndicho kile kiangazi ambacho foleni ya bomba ilikuwa ndefu hata watu wakataniana kwamba aliye mwisho aende akachote ziwani, apike, ale, arudi, atawakuta wenzake hawajasogea.

Kwao Musoni alikuwa mfugaji, na mfugaji hatafuti maji kwa macho peke yake, anayatafuta kwa miguu. Nyuma ya viwanja walivyogawiwa kulima, chini ya kilima chenye miti ya miiba, palikuwa na bonde dogo ambalo majani yake yalikataa kukauka wakati nchi nzima ilikuwa imegeuka rangi ya mkate. Alivua kandambili, akatembea pale polepole, akasikia baridi kwenye unyayo. Akarudi na jembe. Alichimba mpaka vumbi likawa tope, tope likawa maji machafu, na maji machafu, baada ya kuachwa yatulie, yakawa maji ya kunywa. Akayapangia mawe pembeni, akayawekea kipande cha bati kilichokunjwa kiwe mdomo wa kumwagia kwenye jerikani.

Sasa, kwa watu wa kule milimani, anayefukua maji hayamiliki. Hawezi kuyauza wala kumnyima mtu, hata awe adui yake. Kazi yake ni kuyatunza tu, na ujira wake ni kwamba maji yanaitwa kwa jina lake, hata akifa, hata na watoto wasiojua alikuwa mrefu au mfupi. Babu yake Musoni, Rugenge, alikuwa amezikwa zamani, lakini mpaka siku waliyokimbia watu walikuwa bado wanasema, "Peleka ndama kwa Rugenge." Kwa mtu ambaye ng'ombe wake walibaki, nyumba ilibaki, na kaburi la baba yake lilibaki, jina juu ya maji si jambo dogo. Mwezi haujaisha, Musoni akasikia mwanamke akimtuma bintiye na jerikani tupu, "Kamata bidoni, kimbia kwa Musoni." Akajifanya hakusikia. Aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na huku amevaa kandambili.

Desturi ile ilikuwa na nusu ya pili. Mwenye maji anayapandia miti, iyazunguke, ili ng'ombe wasikanyage jicho la maji. Na kule kwao, tangu wazungu wa misheni walipoleta mbegu, mti uliopandwa makanisani, mashuleni na kwenye chemchemi ulikuwa mkalitusi. Ulikuwa unakua upesi, umenyooka kama askari, na jani lake lilitibu mafua. Mvua kule hainyeshi kwa zamu. Ukungu wenyewe unalowesha blanketi. Mkalitusi ukinywa, nani ataona? Ni kama mtu kuchota kikombe mtoni.

Nakivale mvua inakuja kama mgeni mwenye haraka: inabisha hodi, inamwaga maneno mengi, inaondoka kabla chai haijachemka. Lakini Musoni hakulipima hilo. Mvua za Septemba zilipofika, shirika moja likagawa miche ya mikalitusi. Wenzake waliipanda mipakani mwa mashamba. Yeye aliipanda kuzunguka maji, akaimwagilia kwa maji yaleyale, akaiwekea uzio wa miiba. Watu wakapita wakasema, "Huyu ni mutu anajua kuweka fasi vizuri." Na kweli fasi ile, mahali pale, palikuwa pazuri. Miti ilishika, ikapanda juu, ikaleta kivuli ambacho bonde lile halikuwa nacho. Wanawake wakaanza kukaa pale baada ya kuchota, na mara nyingi waliimba.

Mwaka wa elfu mbili na saba Isimbi, wakati huo msichana mkubwa tayari, alipatwa na malaria ya kichwani. Alipelekwa hospitali kubwa ya mji wa Mbarara, hamtambui mtu. Musoni alikaa nje kwenye majani, mikono juu ya kichwa. Mtu wa kwao akiwa katika shida ya namna hiyo humtolea Mungu ng'ombe. Yeye hakuwa na ng'ombe, hata mkia. Akasema moyoni, Bwana, nina miti. Ukinirudishia mtoto, ile miti ni yako.

Isimbi alirudi. Jumapili iliyofuata Musoni alisimama kanisani, na kanisa lenyewe lilikuwa nguzo zilizofunikwa karatasi ya plastiki. Mvua ikinyesha, mahubiri yanakatika kwa kelele. Akasema mbele ya wote, "Nilimwahidi Mungu miti yangu ya kule kwenye mayi. Ikikomaa, ikuwe mbao na nguzo za nyumba yake." Vigelegele vikapasuka. Pasta Nehemiya, mtu mpole mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akaweka mkono juu ya kichwa cha Musoni akaomba mpaka jasho likamtoka. Na Adolphe, fundi seremala wa kanisa, kesho yake asubuhi alikuwa tayari bondeni, anapapasa vigogo kama mtu anayechagua fahali.

"Papa Musoni," alisema Adolphe, "hii itakomaa mwaka wa elfu mbili na kumi na ine. Ata mumoja usiguse mbele ya hapo. Ikikatwa ingali michanga, itapindana sawa mukia ya nguruwe."

"Nani ataigusa? Ni ya Mungu."

Basi miaka ikaenda. Isimbi akaolewa kijiji cha jirani, akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Ishema. Watu wapya walikuja kila mara vita vilipoamka upande wa pili. Mashamba yakapanda mpaka kiunoni mwa kilima, watu wakachoma matofali, wakachoma makala, yaani mkaa, maana chungu hakichemki kwa maombi. Musoni naye alichoma. Kiangazi kimoja alikata miiba ya pale juu, akaifukia, akapata magunia yake, akanunua bati la mlango. Nani angemlaumu? Kilikuwa kilima cha kila mtu.

Wa kwanza kusema jambo alikuwa Yudita, jirani yao, mwanamke wa upande wa Fizi, kulekule Kivu, mwenye ulimi wa kuwashia moto. Pale kwenye maji wanawake walikuwa na namna yao ya kupima muda. Zamani ukiweka jerikani chini ya bati, wimbo unafika kwenye kiitikio na jerikani imejaa. Mwaka wa elfu mbili na kumi, wimbo ulikuwa unaisha. Mwaka uliofuata wanauimba, wanaurudia, kisha wanakaa kimya wanatazamana.

"Papa Musoni," Yudita alimwita siku moja mbele za watu, "mayi yako imekuwa sawa mukojo ya muzee. Inatoka kidogo, inasimama, inafikiri, kisha inatoka tena."

Watu walicheka. Musoni naye akacheka. Lakini usiku ule na siku zilizofuata alikuwa na wimbo kichwani, ule wa kujazia jerikani, na kila alipoufikisha mwisho alijikuta anauanza tena.

Akaanza kwenda kule alfajiri kabla ya watu. Aliweka jiwe jeupe mahali ambapo maji yanafika, kama mtu anayepima tu, si kama mtu mwenye hofu. Baada ya siku kadhaa jiwe lilikuwa juu na maji yako chini. Akalishusha. Maji yakashuka tena. Sasa akawa anaogopa kulitazama lile jiwe. Alikuwa anafika, anatazama kwanza miti, anatazama mbingu, anakohoa, ndipo anainamisha macho.

Kila mtu alikuwa na mkosaji wake. Wengine walisema ni ng'ombe wa wenyeji, wengine wakasema matofali, na wengine walisema ni wageni wapya ambao hawajui kuomba. Musoni alikuwa anaitikia kila mmoja, "Inaweza kuwa, inaweza kuwa," na kwa kila jina lililotajwa alikuwa anapumua kidogo. Kwa sababu kuna jambo alikuwa analizunguka bila kulikanyaga. Alikuwa ameona jinsi mikalitusi ilivyo mibichi. Nchi yote imekauka, mahindi yamejikunja kama karatasi, na miti yake inang'aa kama imepakwa mafuta.

Mchana mmoja wa jua kali, watu wote wamejificha ndani, alipiga magoti akaingiza mkono kwenye jicho la maji, aondoe mchanga, labda limeziba tu. Vidole vikakutana na nywele. Alirudisha mkono mbio, akidhani ni mnyama aliyekufia mle. Akaingiza tena, akavuta. Ikatoka mizizi myekundu, laini, mirefu, imesukana kama nywele za mwanamke aliyefumua, inadondoka maji. Akavuta nyingine. Hapakuwa na mwisho wake. Lile jicho lilikuwa limejaa midomo.

Akasikia ndara zinakuja kwenye njia. Akaisokota ile mizizi, akavaa koti alilokuwa amelitundika mtini, akaificha ndani yake, akasimama.

Alikuwa Yudita na jerikani yake kichwani. "Papa Musoni! Koti na hii jua? Uko mugonjwa?"

"Niko na baridi kidogo."

"Pole." Yudita alimzunguka kwa macho. "Na hiyo koti yako mbona inatoka machozi?"

Musoni alitazama chini. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye pindo la koti, yanafanya matone meusi kwenye vumbi. Alipita kando yake akaenda nyumbani bila kuvaa hata kandambili.

Mukandoli alikuwa anapepeta maharage. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Watu walisema maneno yake aliyaacha kule milimani pamoja na ng'ombe. Alimwona mumewe anatoa kile kitu anakiweka juu ya mkeka.

"Baba Isimbi, hii ni nini?"

"Mizizi."

"Ya nani?"

Musoni alikaa chini. "Ni ya Mungu," alisema.

Mukandoli aliendelea kupepeta. Akasema, "Basi ifiche vizuri," na Musoni hakujua kama lilikuwa shauri au kejeli.

Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba si hivyo. Akapanda taksi mpaka Mbarara, akapandisha kilima cha Kamukuzi, kwenye maofisi ya serikali. Alizunguka milango mpaka akamkuta kijana nyuma ya meza, ana kalamu sikioni.

"Ssebo, mzee wangu, unatafuta nani?"

"Natafuta mkubwa wa miti."

"Ofisa wa misitu hako. Ameenda wokishopu. Atarudi wiki ingine, ama ile inafuata. Shida gani, mzee?"

Musoni alimweleza: maji, miti, kuzunguka. Mizizi hakuitaja.

"Kalitusi?" Kijana alitoa kalamu sikioni. "Mzee, hiyo ni mali! Mimi kama ni yangu, nalala chini yake na panga, nachunga mtu asiibe. Gavumenti inasema watu wapande miti, wewe unakuja kulia umepanda. Kwenda nyumbani, pumzika."

Alipaswa kufurahi. Alishuka kilima mpaka mtaa wa Nyamityobora, kwa Patient, mtoto wa dada yake, aliyekuwa na kibanda cha makala. Magunia yalikuwa yamesimama mpaka barabarani, na wanawake wa mjini, vidole vyeusi, walikuwa wanachagua makopo yao kwa ajili ya kupikia matoke ya jioni.

"Mujomba!" Patient alimkumbatia, akamchafua. "Kuya uone. Hii gunia ya hapa yote ni ya kwenu. Ni ile miti ya miiba ya kilima ya juu ya mayi yako. Mbarara inaipenda kabisa: haitoe moshi, na moto yake inakawia."

Musoni alichukua kipande kimoja. Kilikuwa chepesi, kinalia kama chungu kikigongwa. "Kilima yote?"

"Ilibaki kidogo kule nyuma. Mwezi hii itaisha." Patient alicheka. "Si hata wewe ulichoma? Ulinifundisha wewe namna ya kufukia."

Huko ndiko hofu ilikobadilika sura. Mpaka siku ile aliogopa kwamba kosa ni miti yake. Sasa aliogopa kwamba labda siyo, au siyo peke yake. Mvua ikipiga kilima kikiwa na upara, inateremka mbio kama mtu anayefukuzwa, haikai kuingia chini. Na akikata miti aliyomtolea Mungu kwa ajili ya uhai wa mtoto wake, halafu maji yasirudi? Atakuwa amemwibia Mungu bure. Na asipoikata, na kumbe ndiyo? Katika taksi ya kurudi abiria wa kando yake alimwuliza kama anaumwa jino, kwa jinsi alivyoshika shavu.

Kiangazi cha elfu mbili na kumi na mbili bati lilinyamaza. Hakukuwa na mdondoko. Watu wenye nguvu walikwenda kukaa foleni ya bomba. Wasio na nguvu walichota kwenye madimbwi ya kando ya ziwa, ng'ombe wakiwa ndani. Isimbi alikuwa na mimba ya pili, hakuweza foleni. Akachota dimbwini. Alichemsha alipokuwa na kuni, na kuni zenyewe sasa zilikuwa mbali. Ishema akaanza kuhara. Alipoletwa kwa bibi yake alikuwa na macho makubwa yaliyoingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Walimkimbiza zahanati, akatundikiwa maji ya mshipa, akapona. Lakini Musoni alikuwa amekaa tena nje kwenye majani, mikono juu ya kichwa, na safari hii hakuwa na kitu cha kuahidi.

Jumapili alibaki kanisani baada ya ibada na wazee wa kanisa. Wanawake walikuwa wanakusanya mikeka. Musoni alitoa ile mizizi kutoka kwenye koti. Ilikuwa imekauka, nyekundu bado. Akaiweka kwenye meza ya sadaka.

"Niliitoa ndani ya jicho ya mayi," alisema. "Pasta, ninaomba ruhusa nikate."

Adolphe alisimama. "Sasa? Miaka mbili tu imebaki! Papa Musoni, ukikata leo unapata fito za kuchungia mbuzi. Bati tumeshaahidiwa. Mungu atalala inje sababu ya nini?"

"Mutoto wa Isimbi alikuwa anaenda kufa."

"Na alipona! Nani alimuponesha?"

Pasta Nehemiya aliishika ile mizizi, akaigeuza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo kama mwili wake. "Papa Musoni, ulitoa mbele ya kanisa. Mimi niliweka mukono. Ile miti haiko yako tena. Na haiko yangu. Ruhusa ya kukata, nitaitoa wapi?"

"Basi ni ya nani kukata?"

"Tuombe."

Wakainamisha vichwa. Musoni alifumba macho lakini alikuwa anasikia tu mikeka ikikunjwa. Kisha mmoja haukukunjwa. Akasikia sauti ambayo hakuizoea kuisikia mbele za watu, ya mkewe.

"Pasta, unisamehe, ninakata maombi." Mukandoli alikuwa amesimama na mkeka kifuani. "Mulimupatia Mungu miti. Mayi, mulimupatia?"

Pasta aliirudisha ile mizizi mezani.

"Ninauliza tu," alisema Mukandoli. "Siku ile nilikuwa hapa. Nilisikia miti. Mayi sikusikia."

Akaweka mkeka chini, akatoka. Yudita alimtazama, akatazama wanaume, akasema, "Eeh, leo bubu amehubiri," akamfuata. Wakafuata wengine. Musoni alipofika bondeni mkewe alikuwa tayari ameazima shoka, anapiga mti wa kwanza vibaya, kama mtu ambaye hajawahi, vipande vikiruka ovyo. Alimnyang'anya shoka. Pigo la kwanza halikuingia. Alisema kwa sauti ya chini, "Bwana, unione," akapiga tena.

Ilianguka yote kabla jua halijashuka. Adolphe alikuja mwishoni, amesimama kando, machozi yanamtoka waziwazi, anahesabu vigogo vyembamba. Halafu akavua shati akaanza kuvibandua magome, kwa sababu mkalitusi usipobanduliwa siku hiyohiyo unapasuka.

Kanisa lilijengwa. Ni dogo kuliko walivyokuwa wamepanga, na paa limepinda upande wa kwaya kama mtu aliyebeba mzigo kwenye bega moja. Sikukuu za Krismasi nusu ya watu wanakaa nje. Pasta hakumlaumu Musoni. Lakini kila mvua ikipiga bati, Musoni alikuwa anaangalia juu, anazifuata zile fito moja moja, anasubiri kusikia mlio.

Na maji? Mvua za mwaka ule zilipofika alikwenda kutazama. Jicho lilikuwa na tope. Tope! Alikimbia kumwita Mukandoli. Waliporudi pamoja ndipo mkewe alipoonyesha kwa kidole. Kwenye kila kisiki majani yalikuwa yamechipuka, mekundu mekundu, mengi, yanang'aa. Mkalitusi haufi kwa shoka. Ulikuwa umekatwa kichwa, midomo ikabaki chini, inakunywa.

Tangu siku ile hiyo ndiyo ikawa kazi ya Musoni. Anang'oa machipukizi, yanarudi. Anachimba kisiki kwa jembe na sururu, kisiki kimoja kinamla wiki, na yeye si kijana. Yudita alikuwa anakuja mara mojamoja na jembe lake, anamtukana huku anachimba: "Ulipanda sawa mufalme, sasa chimba sawa panya." Kule juu aliacha majani yaote kwenye kipande cha kilima alichoweza kukilinda, akamwomba Patient asinunue gunia lolote la kutoka kule. Patient alikubali. Halafu wengine walinunua.

Mara ya mwisho nilipopita huko ilikuwa elfu mbili na kumi na tano. Sikujua njia ya kwenda nyumba niliyokuwa natafuta, nikamwuliza kijana wa boda boda. "Ni rahisi, muzee," akasema. "Pita kwa Musoni, kisha kamata kushoto." Nikafika. Palikuwa na mashimo ya visiki, mawe yaliyopangwa duara, bati lililokunjwa, na jiwe jeupe limelala chini kabisa kwenye mchanga mkavu. Jina lilikuwa limebaki, kama desturi inavyosema.

Alikuwa mle ndani ya shimo, anatoa kisiki cha mwisho. Akaniambia niguse mchanga wa chini. Niliugusa. Ulikuwa na baridi, au labda mkono wangu ulikuwa na joto, sikuthubutu kusema. Akapanda juu, akakaa karibu nami, akapangusa uso, akaniuliza lile swali ambalo alikuwa amemwuliza Pasta, na mkewe, na yule ofisa wa misitu siku alipompata hatimaye, na Mungu pia, nadhani. Aliuliza taratibu, anatazama lile shimo:

"Ndugu yangu, mayi ikishafukuzwa fasi yake, inarudiaka, ao inazoea fasi ingine?"